Reno: mlima kwanza, kasino baadaye

Naishi Sacramento, California, na kila ndugu anayekuja kunitembelea ana ombi lilelile: "Nipeleke Las Vegas." Namwambia Las Vegas ni kutwa nzima barabarani. Ila tukishika barabara ya I-80 kuelekea mashariki, tukaivuka milima ya Sierra Nevada, baada ya saa mbili na ushee tunateremkia Reno, jimbo la Nevada, na kasino tutazikuta. Tena ukitoka nje ya mlango wa kasino ukatazama magharibi, milima ni ile pale. Ukiiendea kwa gari, kabla saa nzima haijaisha unanawa uso kwenye Ziwa Tahoe.

Nimekwenda mara nyingi, peke yangu na wageni, na kosa nimeliona kwa karibu kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Tunafika jioni, tunaingia kasino "kuchungulia tu", tunalala alfajiri, tunaamka saa sita mchana kichwa kizito na mfuko mwepesi, na milima tunaiaga kupitia kioo cha gari. Ndiyo maana mpangilio huu una kanuni moja tu: asubuhi ni ya mlima, jioni ni ya kasino, na kasino haipati zaidi ya hela ulizokwisha kuitengea. Siku nne zinatosha. Tatu zinabana lakini inawezekana.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kununua tiketi

Reno iko mita 1,370 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Arusha, lakini usitegemee hewa ya Arusha. Mawingu yanayotoka bahari ya Pasifiki humwaga mzigo wao wote upande wa California, kwenye migongo ya Sierra Nevada, na Reno iliyo nyuma ya mlima inabakiziwa upepo mkavu. Mchana wa Julai jua linafika nyuzi 33 au zaidi. Usiku huohuo unatafuta sweta. Midomo inapasuka, ngozi inapauka, na wengine hutokwa damu kidogo puani siku ya kwanza. Ni ukavu. Beba mafuta ya midomo na ya ngozi, na chupa ya maji isikae mbali.

Kama unataka kutembea milimani, lenga kati ya katikati ya Julai na mwanzoni mwa Oktoba. Kabla ya hapo theluji bado imelala kwenye njia za juu, Juni nzima miaka mingine. Chaguo langu ni Septemba: shule zimefunguliwa, watu wamepungua ziwani, maji hayajapoa sana, na mwezi huo Reno hufanya tamasha la maputo makubwa ya hewa moto yanayopaa alfajiri. Wiki ya mwisho ya Agosti iepuke. Maelfu kwa maelfu ya watu hupitia Reno kwenda tamasha la Burning Man kwenye jangwa la Black Rock. Magari ya kukodi yanaadimika, na vyumba navyo vinapanda bei.

Kiangazi kina adui mwingine, moshi. Misitu ya California huungua, na moshi hausomi ramani. Mwaka 2021 moto ulioitwa Caldor uliwafanya watu wa mji mzima wa South Lake Tahoe wahamishwe. Hata moto ukiwa mbali, bonde la Reno linaweza kujaa ukungu wa kijivu usioruhusu mtu kupanda mlima. Weka nafasi ya chumba kinachoruhusu kughairi bila faini, na siku mbili kabla ya safari tazama hali ya hewa chafu kwenye programu ya AirNow.

Wanaotafuta theluji waje Januari hadi Machi. Mambo ya majira ya baridi nimeyawekea sehemu yake huko chini, kwa sababu barabara inabadilika kabisa.

Hatua ya 2: Fika, na uwe na gari

Uwanja wa ndege wa Reno-Tahoe uko dakika kumi tu kutoka katikati ya mji. Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja. Utaunganisha kwenye mji mwingine mkubwa wa Marekani. Aliyeko San Francisco au Sacramento anaweza kuja kwa barabara, au kwa treni ya Amtrak iitwayo California Zephyr, inayopanda Sierra Nevada polepole na kukushusha katikati ya Reno. Treni hiyo huchelewa mara nyingi, lakini ile mandhari ya kuivuka milima ukiwa umekaa kitini unakula karanga, mimi naikubali.

Ndani ya mji unaweza kuishi bila gari. Kwa mlima, kodi gari, angalau kwa siku mbili. Gari dogo la kawaida linatosha kiangazi, barabara zote nitakazozitaja ni za lami.

Hatua ya 3: Chagua kitanda ukijua unachokinunua

Vyumba vya hoteli za kasino Reno huwa nafuu Jumapili hadi Alhamisi, halafu hupanda Ijumaa na Jumamosi. Unafuu huo una maana yake: hoteli inategemea hela utakayoiacha ghorofa ya chini. Angalia mambo matatu kabla ya kulipa. Je, bei uliyoiona tayari ina ada ya hoteli ya kila siku, au itachomoza mapokezini? Je, watazuia kiasi gani kwenye kadi yako kama amana? Na je, kuna ghorofa zisizovutwa sigara? Nevada inaruhusu sigara kwenye kumbi za kasino, na harufu hupenda kupanda lifti pamoja na wewe.

Katikati ya mji kuna hoteli tatu, Eldorado, Silver Legacy na Circus Circus, zilizounganishwa kwa madaraja ya ndani, kiasi kwamba unaweza kutembea nusu saa usione anga. Kusini kidogo kuna Peppermill na Atlantis, na karibu na uwanja wa ndege kuna Grand Sierra. Kwa wenye watoto, Circus Circus ina eneo la michezo yao. Sheria inataka mtu awe na miaka 21 kucheza kamari, na mtoto anaruhusiwa kupita ukumbini lakini si kusimama akitazama.

Wapo wasomaji ambao kamari kwao ni haramu, na wanaodhani safari hii haiwahusu. Inawahusu. Whitney Peak, hoteli iliyo jirani kabisa na tao maarufu la mji, haina kasino wala haina sigara. Kilichopo badala yake ni ukuta wa kukwea uliobandikwa nje ya jengo, wenye urefu wa mita 50 hivi, na watu huupanda kwa kamba huku magari yakipita chini. Mimi sijaukwea. Nimekaa chini nikinywa kahawa, nikamtazama binti wa miaka kama kumi na miwili akiufika juu.

Hatua ya 4: Gawa pesa kabla hujavuka mlango

Fanya hivi ukiwa nyumbani, akili ikiwa baridi. Chukua hela ya starehe ya kasino kwa safari nzima, igawe kwa idadi ya usiku, kila fungu ulitie kwenye bahasha yake. Hela ya petroli, chakula na chumba isikae hata siku moja kwenye pochi moja na bahasha hizo. Kila jioni shuka na bahasha moja na kitambulisho. Kadi ya benki ibaki chumbani, kwenye kisanduku cha kufungia.

Nasisitiza kadi ibaki, kwa sababu mashine za kutolea pesa ndani ya kasino hutoza ada kubwa kuliko za benki ya mtaani, na zimewekwa pale pale ambapo mtu aliyeishiwa hupitia. Jamaa yangu mmoja, mtu mzima mwenye busara zake, alipiga safari nne kwenye mashine hiyo usiku mmoja. Ada peke yake zingetulisha sote siku iliyofuata.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza usipande mlima

Mwili uzoee kwanza. Mtu wa Nairobi hatasikia chochote, maana kwao ni juu kuliko Reno. Mtu wa Dar, Mombasa au Zanzibar anaweza kusikia pumzi fupi na kichwa kuuma kidogo. Kunywa maji, pombe ipunguze, tembea mjini.

Anzia kwenye tao la Virginia Street. La kwanza lilijengwa 1926, na maneno yake, kwamba huu ndio mji mdogo ulio mkubwa kuliko yote duniani, yaliongezwa 1929. Tao linalowaka leo ni la 1987. Kisha fuata mto Truckee. Pale Wingfield Park mto umepangwa mawe kwa makusudi ili maji yarukeruke, na kiangazi utaona vijana na kayaki zao na wazee wakielea kwenye mipira ya matairi katikati ya mji. Maji hayo ni theluji iliyoyeyuka. Tumbukiza mguu kwanza, ndipo useme utaoga.

Makumbusho ya magari yako hapo hapo kando ya mto, na sehemu kubwa ya magari ni ya mkusanyo wa William Harrah, aliyeanza na kijiduka cha bingo Reno mwaka 1937 akaishia kuwa jina kubwa la kasino Marekani. Jingine la kujua ukiwa unatembea: suruali ya jinzi yenye ribiti za shaba mifukoni ilianzia mji huu. Fundi cherehani Jacob Davis, mhamiaji kutoka Riga, alikuwa akishona Reno suruali za vibarua zilizokuwa zikichanika mifuko kila mara. Akaipiga ribiti, akashirikiana na mfanyabiashara wa vitambaa Levi Strauss, na hataza yao ikatolewa tarehe 20 Mei 1873. Fundi wa mtaani, kama wale wa Kariakoo.

Lala mapema. Najua taa zinaita.

Hatua ya 6: Mount Rose, alfajiri

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shika barabara kuu ya kusini, kisha ingia barabara ya jimbo namba 431. Inapanda kwa kona nyingi kutoka nyika ya vichaka vya kijivu hadi misitu ya misonobari, mpaka kwenye kilele cha barabara chenye mita 2,716. Hakuna barabara nyingine inayovuka Sierra Nevada juu kiasi hicho na kubaki wazi mwaka mzima. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huo ni usawa wa kibanda cha Mandara, nawe umeufikia umekaa kwenye gari. Ukishuka, kichwa kinaweza kuelea kidogo. Tulia dakika kumi kabla ya kuanza.

Hapo una njia tatu za kuchagua, kulingana na miguu yako na ya ulioandamana nao.

Ya wepesi ni Tahoe Meadows, teremka kidogo tu upande wa ziwa. Ni uwanda wa majani na vijito, tambarare, bibi na mjukuu wataufurahia. Julai maua ya porini yanafunika ardhi.

Ya kati ni kutembea hadi maporomoko ya Galena, kama kilomita 4 kwenda na 4 kurudi kutoka maegesho ya kwenye kilele cha barabara. Njia ni pana na haina mwinuko mkali. Hii ndiyo ninayowapa wageni wengi, na hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Ngumu ni kilele chenyewe, mita 3,285. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 17, na mtu wa mwendo wa kawaida atumie saa tano hadi saba. Baada ya maporomoko njia inaanza kudai jasho. Karibu na juu miti inakwisha, unabaki na changarawe na upepo. Upepo huo usiudharau: nimewahi kufika kileleni mwezi Agosti nikashindwa kufungua mfuko wa mkate kwa baridi ya vidole. Ila ukisimama pale, upande mmoja Ziwa Tahoe lote limelala bluu, upande wa pili bonde la Reno na majumba yake ya kasino yamekuwa kama viberiti vilivyosimamishwa.

Vya kubeba: maji lita 3 kwa kila mtu, koti la kuzuia upepo hata kama chini ni joto, kofia, mafuta ya kujikinga na jua (na sisi weusi tunaungua, usibishane na mwinuko), chakula cha chumvichumvi, na ramani uliyoipakua kwenye simu kabla, maana mtandao hukatika. Mawingu yakianza kujikusanya mchana wa kiangazi, geuka. Radi huko juu hupiga bila ya kukutafutia sababu. Dubu weusi wapo na hawana haja na wewe, wana haja na chakula chako. Usiache hata ganda la ndizi ndani ya gari.

Hatua ya 7: Ziwa Tahoe, siku inayofuata

Barabara ileile ya 431 ikivuka kilele huteremkia Incline Village, ukingoni mwa ziwa. Simama kwenye sehemu ya kutazamia iliyo njiani. Picha nzuri ya safari nzima utaipiga hapo, si baadaye.

Tahoe ina urefu wa kilomita 35, upana wa 19, na kina cha mita 501. Kwa sisi wenye Tanganyika ya mita 1,470 hicho kina si cha kututisha, lakini ziwa hili liko mita 1,897 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, limezungushiwa milima, na ni angavu kiasi cha kuona mawe chini ya mashua ukadhani utayashika kwa mkono. Theluthi moja yake hivi ni Nevada, theluthi mbili California. Mpaka unapita majini.

Nenda Sand Harbor, hifadhi ya jimbo upande wa Nevada, yenye mchanga na majabali ya mviringo yaliyotapakaa majini. Maegesho kiangazi hujaa mapema asubuhi, kwa hiyo ukiwa bado Reno angalia kwenye tovuti ya hifadhi za Nevada kama siku yako inahitaji kuweka nafasi. Njia mbadala ninayoipenda ni kuegesha Incline Village na kutembea au kuendesha baiskeli kwenye njia ya lami ya kilomita 5 inayofuata ukingo hadi Sand Harbor. Ilifunguliwa 2019, na sehemu nyingine imejengwa kama daraja linaloning'inia juu ya majabali.

Kuoga ni raha lakini kwa adabu. Mwezi Agosti maji ya juu hufika nyuzi 18 hadi 20. Anayetoka Bahari ya Hindi atapiga kelele. Baridi ya ghafla huikata pumzi hata ya mwogeleaji hodari, kwa hiyo ingia polepole, na ukikodi kayaki vaa jaketi la kuokolea na ulifunge, usilikalie.

Rudi kwa kuzunguka: fuata ziwa kusini kwa barabara 28, kata mashariki kwa barabara 50, teremka Carson City, mji mkuu wa Nevada, halafu kaskazini hadi Reno. Mzunguko wote ni kama kilomita 140. Ukiwa na nguvu bado, chepuka kwenda Virginia City, mji wa machimbo uliolipuka baada ya fedha kugunduliwa 1859, leo una vibaraza vya mbao na watalii. Saa moja inautosha.

Hatua ya 8: Sasa shuka kasino

Umeoga, umekula, miguu inauma kidogo. Hali nzuri kabisa ya kucheza kamari, kwa sababu usingizi utakuondoa kabla ya kasino haijakumaliza.

Beba pasipoti halisi, nakala wanaikataa. Vinywaji kwa anayecheza mara nyingi ni bure, lakini mhudumu hupewa bakshishi ya dola moja au mbili kila anapoleta. Kahawa na soda nazo ni bure, na hazikuongezei ujasiri wa uongo.

Kuhusu mashine: ile iliyoandikwa senti 1 haichezwi kwa senti 1. Mzunguko mmoja mara nyingi ni senti 40, 60 au zaidi. Tufanye hesabu ya mfano. Unabonyeza mara 500 kwa saa, senti 60 kila mara: umezungusha dola 300. Mashine ikijibakizia asilimia 10, wastani wako ni kupoteza dola 30 kwa saa. Sheria ya Nevada inaitaka mashine irudishe angalau asilimia 75 kwa muda mrefu. Nyingi hurudisha zaidi, lakini hakuna inayorudisha zote, na ile iliyokaa muda bila kutoa "haijaiva" kama watu wanavyonong'ona. Kila mzunguko unaanza upya. Mashine haikukumbuki.

Mezani, soma kibao na kitambaa kabla ya kukaa. Kwenye mchezo wa karata wa ishirini na moja, ambao mezani utauona umeandikwa Blackjack, tafuta meza inayolipa 3 kwa 2. Ukiweka dola 10 na karata zako mbili za kwanza zikatimiza ishirini na moja, unalipwa 15. Meza inayolipa 6 kwa 5 itakupa 12 kwa mkono uleule. Wageni hawaitazami tofauti hiyo, na ndiyo inayowala. Kwenye ruleti, hesabu sifuri: gurudumu lenye sifuri moja hubakiza asilimia 2.7 ya kila unachoweka, lenye mbili asilimia 5.26, na lenye tatu (yapo siku hizi) asilimia 7.69. Keno, mchezo wa kubahatisha namba, iache kama ulivyoacha bahati nasibu ya uwanja wa sabasaba.

Adabu ya meza ni fupi. Pesa usimpe mgawa karata mkononi, iweke juu ya meza, akupe vibati vya kuchezea. Wenyewe wanaviita chipsi. Mjomba wangu aliuliza kama zinakuja na mayai. Simu weka mfukoni. Kibati kikishawekwa na mchezo umeanza, usikiguse. Ukishinda, mgawa karata hupewa kidogo.

Wapenzi wa mikeka mtauliza tu, nawajua. Ndiyo, kasino kubwa zina ukumbi wa kubeti michezo, na Ligi Kuu ya Uingereza imo. Odi zao ndizo zitakazowachanganya. Alama ya kutoa inaonyesha unachoweka ili upate faida ya dola 100: −200 ni odi 1.50 ya nyumbani. Alama ya kujumlisha inaonyesha faida ukiweka dola 100: +150 ni odi 2.50. Mkeka wa timu kumi na tano unachanika Reno kama unavyochanika Mbagala. Na mechi ya saa tisa mchana Uingereza huchezwa saa moja asubuhi kwa saa za Reno, wakati ambao wewe unatakiwa kuwa mlimani.

Jambo la kodi, kwa mgeni asiye mkazi wa Marekani: ukipiga jakipoti kubwa ya mashine, kasino itakuandikia hati na kukata asilimia 30 papo hapo. Ushindi wa ishirini na moja, ruleti, baccarat (mchezo mwingine wa karata) na craps (mchezo wa dadu) haukatwi hivyo. Hifadhi hati. Mkazi mwenye kadi ya kijani anahesabiwa kama raia, atangaze ushindi wake kwenye hesabu za mwaka.

Jingine, nalisema kwa uzito. Bangi ni halali kwa sheria ya Nevada kwa wenye miaka 21, na maduka yake utayaona yamepambwa kama maduka ya simu. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani bado ni haramu, na uhamiaji ni wa serikali kuu. Mtu wa viza, wa kadi ya kijani au anayesubiri makaratasi asiiguse, wala asipige nayo picha.

Bahasha ikiisha, usiku umeisha. Bahasha ikinenepa, kilichozidi kitie mfuko mwingine usiochezewa. Ukijiona unaifuata hela iliyopotea, mwambie uliyeandamana naye kwa sauti. Kasino zina utaratibu wa kumfungia mtu mlango kwa ombi lake mwenyewe, na si aibu.

Hatua ya 9: Siku ikibaki, ufuate mto hadi mwisho

Mto Truckee unatoka Tahoe, unapita katikati ya Reno, na haufiki baharini. Unaishia jangwani, kwenye Ziwa Pyramid, kama maji ya Rukwa na Natron yasivyokuwa na njia ya kutokea. Ni kilomita 55 hivi kaskazini mwa Reno. Ziwa na ardhi yake ni mali ya kabila la Paiute wa Pyramid Lake, na wewe ni mgeni wao: nunua kibali chao kabla ya kufika, fuata mipaka, maana baadhi ya maeneo wameyafunga, na usibebe jiwe kuwa kumbukumbu. Hakuna taa wala muziki. Kuna maji ya rangi inayobadilika kila saa, miamba ya chokaa yenye maumbo ya ajabu, mwari weupe, na wavuvi waliosimama majini juu ya ngazi za kupakia rangi wakimngoja samaki aina ya trauti. Wengi niliowapeleka wamelipenda kuliko Tahoe. Mimi bado sijaamua.

Ukija majira ya baridi

Mount Rose kuna uwanja wa skii, dakika 30 hivi kutoka Reno; ng'ambo ya ziwa kuna Palisades Tahoe, palipofanyika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1960. Asiyejua kuteleza achukue somo la asubuhi moja la wanaoanza, linalouzwa pamoja na vifaa. Utaanguka. Watoto wa miaka minne watakupita.

Barabara ndiyo hatari yenyewe. Dhoruba ikija, polisi hudai minyororo ya matairi au gari la magurudumu manne lenye matairi ya theluji, na I-80 kwenye njia ya Donner huweza kufungwa saa nyingi. Jina hilo linatokana na msafara wa walowezi 87 ulionaswa na theluji hapo majira ya baridi ya 1846, na karibu nusu yao hawakutoka. Kampuni nyingi za kukodi magari haziruhusu minyororo, kwa hiyo omba gari lenye matairi ya theluji tangu unapoweka nafasi. Weka blanketi, maji na chakula ndani, tangi lisishuke chini ya nusu, na wakisema barabara imefungwa, lipia usiku mwingine.

Siku ya kuondoka

Mashine za Reno hazitoi sarafu, hutoa tiketi ya karatasi yenye thamani ya salio lako, na tiketi ina tarehe ya kuisha. Pekua mifuko ya suruali uliyovaa usiku wa kwanza na ile ya koti la mlimani. Tiketi ya kasino moja haibadilishwi kasino nyingine, wala kwenye mashine za uwanja wa ndege, ambazo nazo zipo, zinakusubiri ukitoka kwenye ukaguzi wa mizigo. Mimi ninayo moja hapa mezani, ya dola 11 na senti 40, iliyoisha muda wake.